Mi Hapana wa Fond

Juzi mama mmoja wa barabara yetu aliniletea binti yake nimwangalie miguu. Kukaa hakukaa, maji hakunywa. Alimsimamisha mtoto katikati ya atelier ya baba, kati ya cherehani na meza ya kukatia, akainua sketi ya shule kidogo juu ya magoti, akaniuliza kana kwamba mimi ni daktari wa mifugo: "Mama, angalia muzuri. Ku masomo huyu anapita bote. Akifika ku inivesite atazidi, ao ataishia mu njia?"

Mtoto alinitazama kama mbuzi anayejua bei yake inazungumzwa. Nikamwambia mama yule kwamba miguu naiona, miwili, mizuri; mengine sijui. Hakufurahi. Alitaka jibu.

Na si wa kwanza. Hapa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, mtoto akionekana anakimbia kidogo tu, hata kama anamkimbia mbwa, watamleta kwangu. Mimi ndiye mfano wao. Wote wanajua nilikuwa bingwa nilipokuwa masomoni, yaani sekondari, na wote, mpaka muuza makaa, wana maoni yao juu ya kilichonipata nilipofika inivesite, chuo kikuu chetu. Nimechoka kubishana barabarani na mfuko wa nyanya mkononi. Ndiyo maana naandika. Nitaandika kwa Kiswahili cha kitabu, kile masista walichotufundisha kwa fimbo. Lakini maneno ya watu wetu nitayaacha yalivyotoka mdomoni, kwa maana baba yangu akianza kusema Kiswahili cha kitabu nitajua anaumwa.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa mkali wa mbio ndefu, wala sioni haya kulisema. Katika mashindano ya shule za Lubumbashi wenzangu waliniona mgongo, na baada ya muda hata mgongo hawakuuona. Mbio zile tuliziita endurance. Prof wetu wa gym, mzee wa tumbo kubwa ambaye sikumwona akikimbia hata mvua ilipomkuta katikati ya uwanja, alikuwa anapiga kelele, "Leo endurance!", halafu anakaa chini ya ukuta na mfuko wake wa beignet, maandazi yetu. Saa hakuwa nayo. Tulizunguka uwanja mpaka beignet ziishe, na siku mke wake alipokaanga nyingi tuliteseka.

Watu waliniuliza nguvu zile nilizitoa wapi. Nilizitoa jikoni. Nyumbani tulikuwa wengi, na mpishi alikuwa tantine, dada wa baba, mwanamke mwenye mkono mzito na moyo wa haki. Bukari yake, ninyi mnaiita ugali, ilikuwa tayari saa sita kamili, na tantine hakumwekea mtu. Aliyechelewa alikuta sufuria imekwisha kuoshwa na imegeuzwa juani. Basi kila siku kengele ya shule ya masista ikilia, mimi niliondoka pale kama mwizi aliyeonwa. Nilipita washonaji, nilipita baa, nilipita mabibi wenye mabeseni kichwani, na kila mtu alisema, "Huyu mutoto anapenda sport!" Sport gani? Nilikuwa naenda kula.

Baba yangu ni fundi wa kushona, lakini baba yake alikuwa mtu wa reli, na katika ukoo wetu kila kitu kinapimwa kwa treni. "Mutoto yangu anapita treni!" ndivyo alivyowaambia wateja wakati anawapima kiuno. Wateja walicheka, kwa sababu treni yetu kila mtu anaijua: hata muuza ndizi anaipita na bado anasimama kuwasalimia waliomo ndani. Baba hakujali kicheko. "Treni ni treni," alisema. Siku nilipochukua ubingwa wa mji mzima, aliingia uwanjani na kopo la poudre akanimwagia kichwani lote, ile poda nyeupe tunayowamwagia waliopata diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Tantine alimfokea mbele ya watu: "Poudre ya diplome unaimwanga bule! Na akipata diplome tutamumwangia nini? Unga?"

Sasa nieleze neno fond, maana hadithi yote imebebwa na neno hilo.

Katika vinywa vyetu sisi, fond ilikuwa kitu kimoja tu: benchi za nyuma kabisa darasani. Mu fond walikaa wanaorudia mwaka kwa mara isiyojulikana. Mu fond walikaa wanaolala, wanaokula karanga chini ya meza, wanaosukana nywele wakati sista anachora pembetatu. Tantine, ambaye aliacha shule mapema na kwa hiyo aliijua shule kuliko walimu wote, alikuwa na sheria moja kwangu: "Nikisikia uko unaikala mu fond, nitakuya mwenyewe kukutosha kule na sikio." Na angekuja kweli kunivuta sikio, na kitambaa chake cha kichwani, mbele ya masista. Kwa hiyo tangu darasa la kwanza nilikaa mbele, puani mwa mwalimu, nikala vumbi lote la chaki.

Kumbe kwa watu wa mbio, fond ni jina la heshima. Ni mbio ndefu zenyewe. Ni ileile endurance yangu! Mfaransa hana haya hata kidogo: neno moja kampa mvivu wa benchi ya nyuma, na lilelile kampa mtu anayekimbia mpaka mapafu yanataka kutoka. Hayo nayajua leo. Siku niliyofika inivesite sikuyajua, na prof wa tumbo kubwa hakuwahi kunitajia neno hilo.

Inivesite ilikuwa na desturi moja nzuri sana: mwanafunzi mwenye jina katika michezo alipewa kitanda katika nyumba za wanafunzi. Mimi nilipewa. Jamani, kitanda kile! Kilikuwa cha chuma, kilipiga kelele nikipumua, na godoro lilikuwa na shimo katikati kwa sura ya mtu mwingine aliyenitangulia, mtu mfupi. Lakini kilikuwa changu peke yangu. Nyumbani nililala na mabinti wawili wa tantine. Mmoja alipiga mateke, mwingine alisali rozari usingizini na kutaka tuitikie. Usiku wa kwanza kwenye kitanda kile nilinyoosha mikono na miguu kila upande, nikangoja mtu alalamike. Hakuna aliyelalamika. Nililia kidogo, kwa raha tu.

Sharti lake lilikuwa fupi: kitanda ni cha anayeleta kitu uwanjani. Asiyeleta anatoka. Na mimi sikuwa na pa kurudi, kwa sababu wiki ileile niliyoondoka, baba aliingiza, kipande kwa kipande, mashine kubwa ya kushonea pindo pale nilipokuwa nalala, na ile mashine haitoki mlangoni bila kubomoa ukuta. Ningekuwa maquisard. Ndivyo wanavyomwita mwanafunzi anayelala kwa kujificha chumbani mwa wenzake, na msimamizi akipita anaingia chini ya kitanda na sahani yake. Wako waliomaliza masomo hivyo. Mimi sikutaka. Niliogopa kukipoteza kitanda kile kuliko nilivyoogopa mitihani.

Siku ya kwanza ya mazoezi walitupanga mstari, sisi wapya. Kocha alikuwa prof mwembamba, mwenye filimbi shingoni na hasira za baridi. Mtu ukimkatalia jambo mara moja, hasemi mara ya pili. Alipofika kwangu uso ulimkunjuka. Alikuwa amesikia habari zangu.

"Ah! Njo weye champion ya Kamalondo! Bon. Weye nakuweka mu fond."

Watu wote walikuwa wananitazama.

"Mi, prof?"

"Weye."

"Mu fond?"

"Mu fond, ndiyo. Fasi yako iko kule." Akaonyesha kwa kidole upande wa mbali kabisa wa uwanja. Nikageuka. Kulikuwa na wasichana watatu kule, wamekaa chini, wametoa ulimi nje, na mmoja alikuwa amelala chali na kofia juu ya uso. Ilikuwa fond tupu! Karanga tu ndizo zilikosekana.

Niliiona sura ya tantine anakuja na kitambaa chake. Nikajaza kifua.

"Prof, mi hapana wa fond. Toka nilizaliwa sijaikala mu fond hata siku moja. Mi niko wa mbele."

"Wa mbele?"

"Mbele kabisa."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye bilatu, viatu vyangu, akainua mabega. "Ma fille, uko na hakika? Huku mbele iko ba vitesse."

"Basi vitesse," nikasema, na nilisema kwa sauti, ili wale wa mbali nao wasikie. Vitesse si maana yake kasi? Na nani katika mji huu alikuwa na kasi kunishinda? Prof akaandika, akapita kwa mwingine, na jambo likaisha hapo.

Vitesse ni mbio fupi. Zinaanza na zinaisha. Wasichana wa vitesse walikuwa na mapaja ya wabeba mizigo wa sokoni, na bunduki ikilia walitoka pale kama wamefungwa kamba kwa mbele. Mimi mwili wangu ni mwili wa adabu. Hauamini kwamba mbio zimeanza mpaka umekimbia kitambo na kuona hakuna anayeurudisha. Mara ya kwanza, nilipoanza kupata joto vizuri, niliinua macho nikaona wenzangu wamekwisha kuvaa training zao, zile suti za michezo, na wanapeana maji. Nikawa wa mwisho. Nikawa wa mwisho tena wiki iliyofuata. Nikawa wa mwisho hata siku mmoja wao alipokimbia na kifundo cha mguu kimevimba. Kocha alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa, lakini neno hakusema, kwa sababu nilimkatalia mbele ya watu na yeye ndivyo alivyo.

Chumbani nilikaa na msichana mmoja wa Lukafu, aliyekuja kusoma kilimo na kulipiwa kitanda chake na wazazi. Alikuwa mpole, mwenye meno mazuri, na aliniita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Jioni ya kwanza ya mazoezi nilimuuliza anakimbia nini. Akainamisha uso.

"Mi niko mu fond."

Nilimwonea huruma. Mtoto wa watu, ametoka mbali hivyo, amevuka mito, na wamemtupa mu fond! Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Usikate tamaa. Iko siku utatoka mule."

"Aksanti, yaya," akasema. "Lakini mi napenda fond."

Maskini! Amekwisha kuzoea! Nilimpa kipande changu kikubwa cha samaki. Na mwaka mzima uliendelea hivyo. Alirudi kila jioni amejaa vumbi jekundu, anacheka, anasema, "Yaya, leo fond ilikuwa tamu," na mimi nilijifunika uso na daftari ili asione ninavyosikitika. Nilimwahidi nitamsemea kwa prof. Nilimfundisha namna ya kutembea kifua mbele. Siku moja aliniambia kwamba katika shule yao alikuwa wa mwisho-mwisho siku zote, hakuna aliyemwangalia, na kwamba hapa anajisikia kila mwezi anazidi kidogo. Nikawaza: hawa watoto wa shamba, hata nyuma kuna ngazi wanapanda!

Huku Kamalondo habari zilifika kwamba bingwa amegeuka mkia. Baba alianza kutuma sauti ndefu kwenye kundi la WhatsApp la quartier, mtaa wetu, na kelele ya cherehani nyuma yake: "Bandugu, mutoto anapumuzika. Hata treni mbele ya kupanda mulima inasimama kidogo." Wateja hawakukubali. Atelier yake ikawa bunge. Mmoja alisema akili inakula miguu: mtu akisoma sana, damu yote inapanda kichwani. Mwingine, mzee wa Kikasai muuza vitambaa, alitetea kwa Kifaransa kirefu kwamba bingwa wa shule ni kama kuku wa kizungu, anakua upesi na hapo ndipo mwisho wake. Baba alimpunguzia heshima mwezi mzima. Tantine, ambaye hakuulizwa, alitoa hukumu kutoka mlangoni: "Ni ile kitanda. Muntu analala peke yake kama mukubwa, atakuwa na mbio ya kwenda wapi?"

Nilichukia wote. Na nilianza kuogopa. Usiku nilikuwa nakipapasa kitanda changu kile, chuma chake, shimo lake. Mwisho wa mwaka, katika mashindano ya inivesite, nilikuwa wa mwisho kwa namna ambayo watu walipiga makofi ya kunihurumia, makofi yale ya polepole. Kocha aliniita kando. "Kitanda nakuachia mwaka moja tena. Mwaka kesho, kama hauko mu batatu ba kwanza, unatoka." Nikasema ndiyo, prof.

Jumapili moja, mwanzoni mwa mwaka wa pili, nilimleta yule msichana wa Lukafu kwetu aonje sombe ya tantine, kisamvu chetu. Baba alikuwa ameacha kushona lakini pini zilikuwa bado mdomoni, ni mazoea yake. Akamuuliza mgeni kwa heshima, kati ya pini: "Na weye mama, kule unakimbiaka nini?"

"Mi niko mu fond, papa."

Tantine aliweka mwiko chini. Alimtazama mtoto wa watu kwa uchungu ambao mimi niliurithi kwake.

"Mu fond? Toka wakati gani?"

"Toka nilifika, tantine."

"Na bazazi bako banajua?"

"Banajua. Banafurahi sana."

Tantine alichota nyama nyingine akamwekea, na nyingine tena. "Kula, mutoto. Kula. Ba mu fond pia ni bantu ba Mungu."

"Haizuru," baba akasema. "Hata mu fond muntu akitega sikio anaweza kusikia prof."

Msichana akacheka. "Kusikia prof? Papa, shiye prof hatumusikiake hata. Tunakuwaka mbali sana. Ingine siku tunafika mu barabara ya Kasumbalesa."

"Banabafukuza mpaka inje!" tantine akapiga kelele, akasimama. Alitaka kwenda kumwona mkuu wa inivesite siku ileile, Jumapili, na aproni.

Mgeni alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema polepole, kama mtu anayezungumza na wagonjwa: "Tantine, fond ni mbio ya mulefu. Ni ile munaitaka endurance."

Baba alianza kutoa pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kola ya shati lake, mpaka zikaisha. "Endurance ya huyu wetu?" akauliza.

"Njo ile, papa."

"Na weye," sasa alinigeukia mimi, "uko mu nini?"

"Vitesse, papa."

"Juu ya nini?"

Nilisema ukweli. "Prof aliniambia mu fond, nikakatala. Tantine njo alinikatazaka kuikala mu fond."

Tantine alinirushia kitambaa cha mikono usoni. Baba akashikwa na kicheko mpaka akalala juu ya suti ya mteja iliyokuwa mezani. "Mwaka muzima!" alilia. "Mwaka muzima mutoto alikuwa anakatala fasi yake mwenyewe!" Msichana wa Lukafu naye akanigeukia, na nikaona uso wake unakumbuka mwaka wote ule, samaki na kifua mbele na ahadi ya kumsemea kwa prof. Alicheka kwa kujificha kwanza, kisha akacheka wazi akaanguka kwenye kiti. Nilitaka ardhi inifunike. Lakini hata mimi nilicheka, kwa kuwa kumbe sikuharibika! Niliwekwa mahali pabaya tu, na aliyeniweka ni mdomo wangu.

Kocha aliponisikia alinifanya nirudie maneno yale mbele ya wote, halafu akaita kocha wa mpira aje asikie naye. "Mwaka muzima nilikuwa nangoja unilombe," akaniambia. Akanipeleka mu fond. Niliwakuta wale niliowahurumia, na aliyelala chali siku ile na kofia usoni alinisogezea nafasi.

Sasa, kilichofuata ndicho watu wa barabarani hawataki kukisikiliza. Nilifanya mazoezi mwaka mzima. Kweli kweli. Nilikula vizuri, nililala kwenye kitanda changu, nilivaa basket, viatu vya mbio vya kweli, badala ya bilatu vya shule, na safari hii kulikuwa na kocha mwenye saa. Mwanzoni nilipanda haraka. Baba akatangaza kwenye kundi kwamba treni imeshika njia. Halafu nikasimama. Sikuugua, sikuumia, nilifika mahali nikasimama. Ile saa waamuzi waliyoniandikia siku ya ubingwa wa mji, ule muda wangu wa mbio, nikiwa na viatu vilivyopasuka kidole gumba, sikuigusa tena. Niliikaribia, ikakaa palepale. Yule wa Lukafu alikuwa anazidi kila mwezi bila kelele, kama mtu anayechota maji, na siku moja alinipita kwenye mlima na kuniambia "Kuya, yaya, kuya," akimaanisha njoo. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Alikuwa ananipikia na mimi nilimwonea wivu huku natafuna.

Siku ya mashindano baba alikuja na wateja wake, teksi-bisi nzima, mpaka yule mzee wa Kikasai wa kuku. Tantine alikuja na chakula. Kulikuwa na jua kali na upepo wa vumbi. Mimi nilikuwa nawaza watatu wa kwanza tu. Nilitoka mbele, nikakaa mbele, na kwa muda mrefu nilisikia sauti ya baba kila tulipopita upande wake. Kisha wa Lukafu akanipita, kwa heshima, kwa nje. Kisha mwingine akanipita. Nyuma yangu nilisikia pumzi za wa nne, karibu kabisa, ananinyemelea kitanda changu. Nilikimbia jamani. Nilitumia kila kitu nilichonacho, mpaka macho yakaona weusi. Nilifika wa tatu.

Kitanda kilibaki changu! Walinibeba. Tantine alikuwa anapiga vigelegele na sufuria mkononi, wa Lukafu alinikumbatia na kulia shingoni mwangu, na yeye ndiye aliyeshinda. Baba alifika wa mwisho kwa sababu ya magoti, anahema kuliko mimi.

"Ya tatu!" akasema. "Mwaka kesho ya kwanza."

Nilimvuta kando, karibu na ukuta, mahali pasipo na watu.

"Papa, hapana."

"Hapana nini?"

"Leo nilikimbia muzuri. Muzuri kabisa, kushinda siku zote za huku. Hakuna fasi ilikuwa inauma. Na saa haikufika ile ya masomo."

Alianza kutafuta sababu, kama alivyozoea. Ni upepo. Nikatikisa kichwa. Ni ule mwaka wa vitesse, uliharibu mishipa. Nikatikisa kichwa. Alipotaka kutaja kingine, nikamwahi.

"Ile ya masomo njo ilikuwa mwisho ya kuzidi, papa," nikamwambia, na hapo machozi yalinitoka, na sikuwa nalilia kitanda. "Ilipita, na hatukujua. Mi nilikuwa nafikiri ni mwanzo. Kama tungejua, tungeiangalia muzuri."

Baba alinipangusa vumbi usoni kwa kiganja chake, taratibu, kwanza shavu moja kisha la pili.

"Mi niliiangalia," akasema. "Yote."